Mita ya SWR kwa mafundi wa Dodoma: tazama wati ndogo kwanza

Mita ya SWR inakuonyesha nguvu ya redio inavyogonga antena na kurudi: 1 ni safi kabisa, na namba ikipanda antena ina kasoro. Malalamiko ninayoletewa na mafundi wa redio za upepo hapa Dodoma yanafanana. "Dada, mita inasoma moja nukta mbili, antena iko safi, mbona gari likifika Chamwino hatulipati?" Nikiuliza mita yenyewe ilichaguliwaje, nasikia habari za kioo kikubwa na wati 1000 zilizoandikwa usoni.

Wati 1000 za nini? Redio ya mkononi inatoa wati 5 hivi, ya kwenye gari 25 hadi 50. Na unachokitafuta ni nguvu inayorudi kutoka kwenye antena, ambayo ni ndogo mno. SWR ikiwa 2, inarudi asilimia 11. Kwa redio ya wati 5 hiyo ni nusu wati tu. Ndani ya mita kuna diodi, kijidude kinachogeuza ishara ya redio kuwa umeme wa kusukuma mshale, na diodi haifunguki vizuri volti zikiwa chache. Nusu wati ikirudi, mshale unainuka chini ya inavyostahili, na antena mbovu inasomeka nzuri. Ugonjwa huu wauzaji hawautaji kabisa, na ndio nilioutumia kuzipanga mita hizi. Ukubwa wa kioo, rangi ya taa na uzuri wa boksi sitavigusa.

Ya kwanza ni Diamond SX-400. Naipenda na sifichi. Inapima kuanzia megahezi (MHz) 140 hadi 525, na swichi yake ina ngazi tatu: wati 5, 20 na 200. Hiyo ya wati 5 ndiyo inayonifanya niitetee popote, kwa sababu nguvu inayorudi unaiona mshale ukitembea, hukisii kama umeng'oka kwenye sifuri au la. Wenye redio za HF pia (masafa ya chini, 3 hadi 30 MHz), kama magari ya njia ya Kondoa, wachukue SX-600: sensa moja ni ya 1.8 hadi 160 MHz, nyingine 140 hadi 525. Kila sensa ina soketi zake nyuma. Ukichomeka kebo kwenye S1 na swichi ikabaki S2, mshale hautikisiki, na watu wanairudisha dukani wakidai imekufa.

Ya pili ni Bird 43 ya Marekani. Haitaki betri, na kipimo unakipachika mwenyewe kulingana na masafa na wati. Kile cha 50C ni cha wati 50, 100 hadi 250 MHz. Lakini inaweza kukosea kwa asilimia 5 ya upeo wa kipimo, yaani wati 2.5 kwa hicho. Kwa nguvu inayorudi utahitaji kipimo kingine kidogo, nacho kinauzwa peke yake. Wenye mitambo ya FM wataifaidi. Fundi wa magari ataumia mfukoni.

NanoVNA, kifaa kidogo cha kuchunguza antena bila redio, naiweka ya tatu. Inatumia ishara yake yenyewe, kwa hiyo ugonjwa wa diodi haiujui, na inakuonyesha antena imekaa kwenye masafa gani hasa. Ila lazima uisawazishe kwanza kwa ncha wazi, ncha iliyofungwa (shoti) na mzigo wa omu 50, yaani kifaa kinachomeza nguvu badala ya antena. Usiiunganishe kamwe na redio inayorusha, itaungua.

Daiwa CN-801 ina mishale miwili inayopishana, raha kuisoma, lakini ngazi yake ya chini ni wati 20. Za bei ya chini zilizotengenezwa kwa CB, redio za kiraia za 27 MHz, ziacheni, VHF (30 hadi 300 MHz) haziijui.

Kinachoniudhi ni maduka. Boksi limeandikwa "HF/VHF/UHF" (UHF ni juu ya 300 MHz) bila megahezi hata moja, muuzaji anaapa inafaa kila kitu, na mzigo ukishapakiwa basi la Dodoma anakwambia kilichouzwa hakirudi. Bei nayo imekwishapandishwa kwa kisingizio cha dola, na hata dola ikishuka haishuki.

Kwa hiyo nendeni na kipimo chenu. Chukueni mizigo miwili ya omu 50, muiunganishe kwa kiungio cha T. Hapo inakuwa omu 25, na SWR sahihi ni 2. Rusha kwa wati 25, kisha kwa wati 5, kwa sekunde chache tu. Mita inayosoma 2 kwa wati 25 na 1.3 kwa wati 5, mrudishie mwenyewe hapo hapo kaunta. Na muuzaji asiyekubali mita ijaribiwe, msimpe hata shilingi ya kishika nafasi.