Uzoefu wangu: kusevisi Seiko 5 ya mtumba hapa Kisumu na pesa kidogo

Kama uko na saa ya zamani ya mashine, ile haitumii betri, na mfuko wako haufiki elfu tatu, sikiliza: pesa ya kwanza yote iende kwa kuosha mashine, kioo na mkanda na kung'arisha vitasubiri. Nasema hivi kwa sababu mafundi wengi hapa tao wataanza kukuuzia vitu za nje, saa inarudi imeng'aa na ndani bado ni ile ile.

Yangu niliipata soko la Kibuye Jumapili, kwa wale hutandaza turubai chini na saa zimerundikwa pamoja na miwani na rimoti. Mama alitaka 1,500 nikabishana naye mpaka 1,000, akaniambia "chukua kastoma, hii ni orijino". Na kweli ilikuwa orijino, maana nilishaangalia. Kwanza uso wa saa, maandishi yake yalikuwa membamba na yamenyooka, rangi imefifia kidogo pembeni vile inafaa kwa kitu ya umri huo. Zile zimepakwa rangi upya India utaziona tu, uso ni orenji ama bluu inayowaka kama ya jana na herufi zimevimba. Pili nikageuza nyuma, mfuniko umeandikwa namba inayoanza na 7009, hiyo ndio aina ya mashine, halafu kuna namba ya siriali ya tarakimu sita. Tarakimu ya kwanza ni mwaka, ya pili ni mwezi. Yangu inaanza na 52, yaani Februari ya mwaka unaoishia na 5, muongo haisemi lakini kwa mashine ya 7009 mimi naiweka 1985. Tatu nikaitingisha. Hii mashine haijazwi kwa kuzungusha kile kifungo cha pembeni, inajijaza na mwendo wa mkono, so ukiitingisha kidogo mshale wa sekunde unafaa kuamka. Uliamka.

Shida ilianza nyumbani. Inakimbia! Asubuhi naiweka sawa na simu, jioni iko mbele dakika kadhaa, halafu nikiiweka mezani usiku kabla kupambazuka imesimama. Nikapeleka duka moja pale mjini, kijana akaifungua, akaangalia sekunde chache akaniambia hiyo mashine imekufa, atatoa aweke ya betri kwa 700 na sitasumbuka tena. Nilikataa hapo hapo. Saa ya mashine ukishaitoa mashine umebaki na bati, na hiyo mashine yenye alikuwa anaita imekufa ilikuwa inapiga mbele yetu sisi wote wawili. Naomba mtu yeyote anasoma hapa akiambiwa hivyo achukue saa yake aende kwa fundi mwingine, kwa sababu hizi za zamani zinaisha hivyo, moja moja, kwa 700.

Jirani yangu akanielekeza kwa mzee mmoja anakaa kwa veranda karibu na Oginga Odinga Street, ako na kale kasanduku ka kioo juu ya meza na lenzi ya jicho imefungwa na waya kichwani. Nikamsalimia "jaduong' (mzee kwa Kijaluo), nimekuja na mgonjwa", akacheka, akanyoosha mkono bila kuuliza bei wala nini. Kitu ya kwanza hakufungua. Alitoa dira ndogo, ile ya kuonyesha kaskazini, akaiweka karibu na saa akaangalia kama sindano itacheza. Nikauliza ya nini, akasema saa ikiingia sumaku ya spika ama ya simu inakimbia, na kama ni sumaku basi hakuna haja ya kuifungua, inatolewa tu. Sindano ilitulia. Ndio akafungua mfuniko, akaangalia muda mrefu sana, akaniita. "Nyathina (mtoto wangu), kuja uone mwenyewe."

Akanipa lenzi. Kuna gurudumu linacheza kwenda na kurudi, na juu yake springi nyembamba kama unywele imejikunja mizunguko mingi, kila mzunguko unafaa usimame peke yake na nafasi katikati. Kwa yangu mizunguko miwili ya ndani ilikuwa imeshikana, na ukiangalia vizuri unaona inametameta, imelowa. Mtu fulani huko nyuma alimwagia mafuta ya cherehani juu ya kila kitu akidhani anaisaidia. Mzee akanieleza: springi ikishikana inakuwa fupi, ikiwa fupi gurudumu linacheza haraka, na saa inakimbia. Na hayo mafuta mahali pengine yalikuwa yamekauka na vumbi yakawa gundi, ndio maana usiku nguvu inaisha mapema. Ugonjwa wote huo ulikuwa ni uchafu, hakuna kitu kimevunjika, hakuna speapati ya kutafuta Nairobi.

Akasema 1,500 kuosha yote, na akasema niache, hafanyi ya haraka. Mimi nilimwomba nirudi nione akiosha na akakubali, hiyo peke yake nampea nyota zote. Anatoa kila gurudumu anapanga kwa kifuniko cha chupa kwa mstari vile zilitoka, anaosha na ile petroli ya kujaza laita ndani ya bakuli ya glasi, si petroli ya gari, anasema ya gari inaacha mabaki. Ile springi aliichovya peke yake, akaitoa, akaipuliza na kale kampira ka hewa polepole, akaichovya tena, mpaka mizunguko ikaachana. Mashine iko na mawe 17, yale mekundu ambayo ekseli zinazungukia, na oili anaweka kwa ncha ya sindano, tone dogo hata halionekani bila lenzi. Na kuna mahali haweki kabisa, pale kwa kile kiuma kidogo kinachozuia na kuachilia magurudumu, ncha za ekseli yake zinakaa kavu. Nilimuuliza kama hiyo si kusahau, akasema hapo ukiweka oili unaongeza mzigo bure. Mtu anajua mahali hapafai oili huyo ni fundi.

Sasa matokeo. Niliiweka kwa apu ya simu inayosikiliza mlio, hii mashine inapiga mara 21,600 kwa saa, sita kwa sekunde, na mlio sasa ni safi. Kwa siku inaenda mbele kama sekunde ishirini hivi. Kwa wenye watasema hiyo ni mingi, hata Seiko 5 mpya za mashine ya 4R36 kampuni yenyewe inaandika sekunde 45 mbele mpaka 35 nyuma kwa siku, so saa ya umri huu kwa pesa hii mimi sina neno. Usiku inalala mezani na asubuhi bado inatembea.

Yenye sikupenda, hana risiti wala garanti ya kuandikwa, ni neno lake tu na simu yake, na alichukua muda kuliko alivyosema. Pia hakuwa na rabaa mpya ya mfuniko wa nyuma saizi yangu, akarudisha ile ya zamani akanionya wazi nisiguse maji nayo, na hapa karibu na ziwa na unyevu huu namsikiliza. Kioo kimebaki na mikwaruzo. Watu wananiambia nisugue na dawa ya meno lakini hiyo inafanya kwa vioo vya plastiki kama vya HMT, zile saa za India, kioo cha Seiko 5 ni cha madini kigumu, utasugua mpaka mkono uchoke. Mkanda wa kitambaa nilinunua 250. Jumla 2,750 pamoja na saa yenyewe.

Kitu ingine alinifunza na nitawaambia nyinyi pia: usibadilishe tarehe kati ya saa tatu usiku na saa kumi alfajiri, wakati huo meno ya tarehe tayari yameshika na ukilazimisha unavunja. Zungusha mishale kwanza mpaka saa kumi na mbili ndio ubadilishe.

Rabaa nikiipata nitarudi kwake huyo huyo aiweke, na nina saa ya Ricoh ya mjomba imekaa kwa droo miaka, hiyo ndio inafuata.