Mashine ya kunyolea mbwa niliyouziwa Darajani: uzoefu wangu

Nasema mapema ili asiye na muda asome hapa aondoke: mashine yenyewe si mbaya sana, duka ndilo baya. Nilipokaa kuandika nilitaka kusema vyote viwili havifai. Pengine nikifika mwisho nitasema hivyo tena, maana kila nikikumbuka neno nililoambiwa mbele ya watu, moyo unanipanda upya.

Mimi nafanya kazi ya nyumba Jambiani, kijiji cha pwani huku Unguja, kwa mama mmoja Mtaliana. Ana mbwa wa kwao, aina ya Lagotto, sisi hapa nyumbani tunamwita Pamba. Mbwa hawa asili yao ni mabwawa ya Romagna, Italia, walikuwa wakitumwa majini kuokota ndege waliopigwa na wawindaji. Mabwawa yalipokaushwa wakafunzwa kunusa ule uyoga wa ghali unaoota chini ya ardhi. Kwa hiyo manyoya yao yaliumbiwa maji: ya kipilipili, yamejikunja na kushonana, na chini yake kuna mengine laini yanayozuia maji yasifike kwenye ngozi. Tena hayapukutiki sakafuni kama ya mbwa wengine. Unywele ukifa unabaki mle mle ndani, unajisokota na ulio hai, na ukimwacha muda bila kumchana anakuwa na mkeka mwilini, huoni ngozi hata ukitafuta.

Sasa mlete mbwa huyo Jambiani. Maji ya bahari yakitoka anakimbia mpaka kwenye mashamba ya mwani, anarudi na chumvi, mchanga na vipande vya kamba vimenasa kwapani. Halafu kupe. Kupe anapenda ndani ya sikio na katikati ya vidole, na kwenye manyoya yaliyofungana humwoni mpaka ameshanenepa. Mama akisafiri kwenda kwao, kazi yote hiyo ni yangu, na sijapata mtu huku kwetu anayenyoa mbwa wa namna hii. Ndiyo nikanunua mashine.

Nilitaka nimnyoe kabla masika hayajaingia. Hilo ni jambo kubwa, wenye mbwa wa kipilipili mnanielewa. Mvua ikianza, hewa yenyewe ni maji, manyoya yakirowa hayakauki, ngozi chini inakuwa nyekundu, inatoa harufu, inachubuka. Kwa hiyo mwisho wa kaskazi, siku zile joto limeshika kweli, nikaenda mjini nikaingia duka moja karibu na soko la Darajani. Nikamwambia muuzaji wazi wazi: nataka mashine ya mbwa, mbwa mwenye manyoya mazito ya kujikunja. Akanitolea boksi lenye picha ya mbwa, mwenye manyoya ya kipilipili vile vile. Akasema, "Hii bibie hata kondoo inanyoa." Nikatoa zaidi ya laki, pesa aliyoniachia mama kwa kazi hiyo, na risiti nikadai nikapewa.

Nieleze nilivyofanya, ili mtu asije akasema huyu hajui kutumia. Siku kadhaa kabla nilimchana kwanza kwa brashi ya waya, nayagawa manyoya fungu moja moja, naanzia kwenye ngozi kutoka nje, kisha napitisha chanuo la chuma kuhakikisha. Fundo lisilofunguka nalipasua kwa mkasi kwa urefu, sikati kwa upana. Kuchana kunakuja kabla ya kuosha, siyo baada, kwa sababu fundo likiingia maji linajikaza na hapo tena halifunguki. Ndipo nikamwosha, nikamkausha kwa taulo kisha kwa feni mpaka akakauka kweli kweli, maana meno ya mashine hayapendi manyoya yenye unyevu. Mafuta nikatia. Na kila baada ya muda nikawa naizima, nayagusisha meno kwenye mkono wangu upande wa ndani, nione kama yamepata moto. Chuma hicho kikipata moto kinamuunguza mbwa na hutaona kitu mpaka kesho yake.

Meno yaliyokuja nayo ni ya nambari 10, yanabakisha kama milimita 1.5. Hayo ni ya tumboni, kwenye nyayo na chini ya mkia. Mgongoni nikavalisha kile kichanio cha plastiki, nibakishe sentimita moja na zaidi. Wapo wanaomnyoa mbwa mpaka ngozi wakidhani wanampunguzia joto. Mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi, anajipoza kwa kuhema, na ukimwachia ngozi tupu jua la huku linambabua.

Upande wa kushoto ulikwenda vizuri, sitaki kusema uongo. Mashine ilikata, manyoya yakaanguka mafungu mafungu, Pamba mwenyewe ametulia juu ya meza ya uani. Nikamaliza bega, ubavu, paja. Nikamgeuza. Nikafika kwenye ile ngozi nyembamba inayounganisha paja na tumbo, pale ambapo kila mnyoaji anajua ni pa kwenda taratibu, nikaivuta kwa vidole ikanyooka, nikapeleka mashine. Sauti ikabadilika. Ilikuwa inavuma, ikaanza kukwaruza, nikasikia harufu ya plastiki inayoungua, na meno yakasimama. Yalisimama yamefumba, na manyoya ndani yake.

Mashine ikawa inaning'inia kwenye nyonga ya mbwa. Nikiizima, imeng'ang'ania. Nikiiwasha, inaguna na kuvuta. Pamba alitoa sauti moja tu, siyo kubweka, kisha akaanza kutetemeka miguu yote minne, na akageuza kichwa akanitazama. Hakuniuma. Angeniuma ningemwelewa. Nikaishika mashine kwa mkono wa kushoto isivute, kwa mkono wa kulia nikawa nakata kwa mkasi mdogo, unywele kwa unywele, kati ya chuma na ngozi, nafasi haizidi unene wa ukucha. Jasho likaniingia machoni na siwezi kufuta. Ilipotoka ilikuwa imemwachia alama nyekundu pana kama shilingi, na damu kidogo pembeni.

Mbwa akabaki nusu. Kushoto amenyolewa, kulia ana manyoya yote. Watoto wa jirani walipita wakamcheka, na yeye akaenda kujificha chini ya ngazi. Usiniambie mnyama haoni aibu.

Basi siku chache baadaye nikaenda mjini na boksi langu, mashine nimeisafisha, nimeikausha, risiti mkononi. Nikasubiri zamu yangu, dukani kuna wateja. Nikasalimu, akaitikia. Nikamwambia, "Kaka, hii mashine imekufa siku ya kwanza. Naomba unibadilishie, au unirudishie pesa."

Akaitoa kwenye boksi, akaigeuza geuza. "Umenyolea nini?"

"Mbwa. Si ndiyo kazi yake?"

Akaiachia juu ya kioo cha kaunta ikagonga, akarudi nyuma. "Toa hapa! Toa! Hiyo imeshaingia najisi, mimi siipokei dukani kwangu."

"Kaka, boksi lina picha ya mbwa. Wewe mwenyewe ndiye uliyeniuzia."

"Nilikuuzia, sikukwambia urudishe. Na weye bibie, umevaa buibui lako zuri, huoni haya kushika mbwa?"

Kuna watu walicheka. Nikamwambia, "Haya zangu niachie mwenyewe, weye nipe pesa yangu." Akawa ameshageukia mteja mwingine, ananifanya sipo. Nikasimama pale kwa muda, kisha nikachukua boksi langu nikatoka.

Sasa hapa ndipo penye donge langu. Mimi ni Muislamu, nimesoma chuoni, yaani madrasa, kama yeye. Najua mbwa katika madhehebu yetu ya Shafii ni najisi nzito, na najua anaoshwa vipi mtu aliyeguswa na ute wake: mara saba, moja kwa udongo. Nina kopo la udongo safi pale kwenye bomba la uani kwa kazi hiyo tu. Nina nguo za kazi na glavu. Nikimaliza na Pamba najitoharisha, ndipo naingia kuswali. Miaka yote nafanya hivyo na sijawahi kumwona mtu wa dini, hata wazee wa kwetu, akanikataza riziki yangu. Na elimu ile ile inasema kikavu kikigusa kikavu najisi haihami. Mashine ilikuwa kavu, na nilikuwa nimeshaiosha yale meno kama inavyotakiwa kabla sijaipeleka kwake.

Tena tukitaka kuzungumza dini, tuizungumze yote. Mtume kasema anayetughushi si katika sisi. Kitu kikitoka na kasoro, mnunuzi ana haki ya kurudisha, hilo limo katika vitabu vya fiqhi, yaani sheria za dini, vya biashara wala si sheria ya wazungu. Na yule mtu aliyeteremka kisimani akamchotea mbwa mwenye kiu maji kwa kiatu chake, akasamehewa dhambi zake, hadithi hiyo tulisomeshwa tukiwa watoto. Wewe unaagiza mashine za mbwa, unazipanga dirishani, unachukua laki ya mtu, kisha ikiharibika ndio unakumbuka twahara? Najisi haikuwapo wakati wa kuhesabu noti?

Nimeitumia dini kama kipimo changu maisha yangu yote. Ndiyo maana nimeumia. Angeniambia "bibie, duka letu halirudishi mali iliyouzwa," ningegombana naye, ningerudi kwangu, yangekwisha. Lakini kunitia haya mbele ya watu ili asirudishe pesa, hilo siwezi kulinyamazia.

Nirudi kwenye mashine, kwa haki yake. Kinyozi mmoja wa kijijini kwetu alikubali kuifungua, nikamwambia kila kitu kwanza, imegusa nini na imeoshwa vipi. Akasema, "Dada, lete tuone." Ndani tukaona kosa mara moja: kile kikono kidogo cha plastiki kinachosukuma meno ya juu kwenda na kurudi kilikuwa kimelika, kimeyeyuka ncha yake. Mota nzima, waya mzima, meno mazima na makali. Kitu kidogo kuliko punje ya mchele ndicho kilichonitoa machozi. Akatafuta katika vyuma vyake, akapata kikono cha mashine nyingine iliyokufa, akakipunguza kwa tupa mpaka kikakaa. Hakutaka kunitoza zaidi ya soda.

Na ikafanya kazi. Nilimaliza upande wa kulia siku nyingine, jua limeshapoa, mwendo wa polepole, na kwenye nyonga sikuipeleka tena mashine, nilitumia mkasi wenye ncha butu. Pamba alisimama. Alama ilikuwa imeshakauka, niliiosha kwa maji ya chumvi kila siku na nikamzuia asiirambe. Manyoya yalitoka sawa, urefu mmoja. Kwa hiyo nikiulizwa kama mashine inakata manyoya ya kipilipili, jibu ni ndiyo, inakata vizuri, na sauti yake haimtishi mbwa. Hapo nilikuwa tayari kusema: nunueni, ila tafuteni kikono cha akiba.

Lakini nikifikiri tena, hapana. Mashine inayouzwa kwa manyoya mazito, kisha sehemu inayobeba kazi yote ni plastiki laini isiyomaliza hata mbwa mmoja, huo si upungufu mdogo. Ingekatikia mgongoni ningesamehe. Ilikatikia penye ngozi nyembamba kuliko zote, na ningekuwa mtu wa kuvuta kwa haraka ingemchana pale pale, na daktari wa mifugo kutoka Jambiani si wa kumwita ukampata dakika ile. Msinunue hii. Kama mna mbwa wa aina hii na hamna pesa ya mashine nzuri, brashi ya waya, chanuo la chuma na mkasi butu vinatosha kabisa, mkimchana mara mbili tatu kwa wiki bila kuruka. Kwapani, nyuma ya masikio na kati ya vidole ndiko fundo linakoanzia. Masikio yakausheni kila akitoka baharini, maana yale yanayolala yakifunika tundu huoza ndani upesi.

Mama nimeshamweleza kwa simu, hakunilaumu. Mimi ndiye sijaridhika. Risiti ninayo, boksi ninalo na picha yake ya mbwa, na masika yakipungua barabara ikapitika vizuri nitarudi pale dukani, safari hii na mjomba wangu ambaye anasomesha chuoni, tuzungumze fiqhi mbele ya wateja wale wale. Na kama kuna mwenye duka Unguja au Pemba anayeuza kikono cha chuma au hata cha plastiki ngumu kwa mashine hizi, aniambie bei, nakihitaji kabla manyoya hayajarudi.