Terariamu ya mimea inayokula wadudu: udongo na mawe gani ununue ukiwa Nakuru au Kisumu

Nilipanga mawe saba kwenye ukuta wa veranda hapa Lanet, Nakuru, nikachukua siki nyeupe ya jikoni na kijiko, nikadondoshea moja baada ya jingine. Sita yalinyamaza. La saba, jeupe la krimu ambalo rafiki aliniletea kutoka Koru, likaanza kutoa povu na kuchachatika kama Eno kwenye glasi. Ndilo lililokuwa zuri kuliko yote, na nilikuwa nimeshalitengea nafasi katikati ya terariamu, yaani chombo cha kioo cha kupandia mimea.

Povu hilo ni chokaa, na chokaa ni sumu ya polepole kwa mimea hii. Drosera (wenye majani ya kunata), Nepenthes na Sarracenia (wenye majani kama mitungi) na wenzao walianza kula wadudu kwa sababu kwao, mara nyingi vinamasi vyenye asidi, udongo hauna chakula. Mizizi yao haikuzoea chumvi wala mbolea. Ukinunua udongo wa sukumawiki unauliza una nini ndani. Hapa unauliza hauna nini.

Basi hivi ndivyo ninavyopanga, kuanzia kwa kile ambacho ningekinunua leo.

Namba moja: pitimosi tupu ikichanganywa na pamisi. Nusu kwa nusu inatosha kwa Drosera nyingi. Pitimosi halisi ni mabaki ya kuvumwani ya vinamasi vya nchi za baridi, na pH yake asilia (kipimo cha asidi: namba ikishuka, asidi inazidi) iko kati ya 3.5 na 4.5. Pamisi ni lile jiwe jepesi la volkano linaloelea majini, na sisi wa Bonde la Ufa tunalikanyaga tu. Mashamba ya maua ya Naivasha hupanda waridi ndani yake. Kwa hiyo usiagize perlaiti, zile punje nyeupe nyepesi za kuchanganya na udongo, kutoka mbali kabla hujauliza pamisi karibu nawe. Chekecha upate punje za ukubwa wa mbegu ya mahindi kushuka chini, osha mpaka maji yasiwe na vumbi la kijivu, kisha loweka kwa maji ya mvua siku mbili tatu ukiyabadilisha kila siku.

Shida iko kwenye pitimosi, na hapa naomba usome polepole. Mfuko wangu wa kwanza niliununua katika agroveti moja mjini. Muuzaji akaniambia, "Chukua hii, kaka, ndiyo safi, watu wa miche wote wanaitumia." Hakunidanganya. Ilikuwa safi kwa miche ya nyanya. Baada ya wiki tatu matone ya ute kwenye majani ya Drosera yalikauka, ncha zikawa nyeusi, na juu ya udongo ukatanda ukungu wa kijani. Ndipo nikageuza mfuko nikasoma maandishi madogo: NPK (yaani mbolea) imeongezwa, pH 5.5 hadi 6.5. Pitimosi haifiki huko yenyewe. Ukiona namba hizo, jua imetiwa chokaa.

Kama lebo imechanika au udongo unapimwa kwa gorogoro, omba konzi moja kwanza. Iloweke usiku kucha kwenye maji yaliyotoneshwa (distilled), kamua, kisha pima kwa mita ya TDS, ile inayofanana na kalamu nene na kuonyesha chumvi iliyoyeyuka majini kwa ppm. Pitimosi tupu itapandisha namba kidogo tu. Iliyotiwa mbolea itaruka hadi mamia. Mita hiyo ninaipendekeza hata kabla ya mmea wenyewe, maana utaihitaji pia kwa maji.

Namba mbili: sfagnamu ndefu iliyokaushwa, yaani kuvumwani ya vinamasi yenyewe kabla haijaoza. Kwa ubora ingekuwa ya kwanza. Mfuko wangu wa pesa ndio ulioishusha. Hutoka hasa New Zealand na Chile, imeshindiliwa kama tofali, na gramu 150 zikilowa huvimba hadi karibu lita 12. Nepenthes wanaipenda kwa sababu inashika unyevu bila kuziba hewa. Mimi hununua kidogo, naichanganya na pamisi, na kupanga safu nyembamba juu ya pitimosi ili isirukie majani ninapomwagilia. Nyuzi ziwe ndefu na za rangi ya nyasi kavu. Zikiwa unga wa kahawia, hilo ni takataka la mwisho wa gunia.

Namba tatu: perlaiti. Haina ubaya. Ni nyeupe mno kwa macho yangu, na huibuka juu kila ukimwagilia. Ilowanishe kabla ya kuimimina, vumbi lake ni baya kwa mapafu.

Namba nne: kokopiti. Ni rahisi kupata na ni nafuu, lakini maganda ya nazi huja na chumvi. Kwa anayeanza, kuiosha mara nne tano huku ukipima kila mara ni kazi ya kuchosha. Nimewahi kufaulu nayo mara moja, na sijarudi tena.

Udongo wa msitu, samadi, mboji na udongo wa maua uliofungashwa havimo hata mkiani mwa orodha. Makaa nayo, ambayo watu hupenda kuyaweka chini ya terariamu za kawaida, huja na majivu, na majivu hupunguza asidi. Ukitaka safu ya chini, weka pamisi sentimita mbili, funika kwa kipande cha neti ya mbu ya zamani, kisha udongo juu.

Sasa mawe. Chaguo langu la kwanza ni kwatzi nyeupe. Katika maeneo ya Kakamega yenye dhahabu kuna mishipa yake miambani, na vipande huokotwa hata kwenye mito. La pili ni graniti ya Maragoli. Nunua kwa wavunja kokoto, kando ya barabara. Utachagua mwenyewe na utaachiwa kwa bei ya chini. Usiende kubanjua Kit Mikayi, ile miamba mirefu karibu na Kisumu ambako watu huenda kuomba. La tatu ni jiwe jekundu la volkano lenye matundu. Hupendeza sana, ila matundu huficha vumbi, kwa hiyo lisugue kwa mswaki.

Jiwe la Kisii sinunui kwa kazi hii. Ni laini, hutoa unga, na vingi vinavyouzwa vimepakwa nta au rangi. Mawe ya Koru na ya vilima vya Homa yaache kabisa, pamoja na marumaru, matumbawe na mchanga wa ufukweni mwa ziwa wenye vipande vya konokono. Watu wa Kisumu mnaoishi hatua mbili kutoka majini, najua inauma. Uutie siki ujionee. Mchanga wa vichujio vya mabwawa ya kuogelea ndio mbadala mzuri, mradi muuzaji akuhakikishie ni silika tupu, yaani punje za kwatzi bila chokaa.

Maji lazima niyataje, kwa sababu udongo bora huharibiwa nayo. Lenga chini ya 50 ppm. Maji ya visima vya Nakuru yana madini mengi, floraidi ikiwemo, na kuyachemsha hakuondoi chumvi. Kinga mvua ya masika baada ya paa kuoshwa na mvua ya kwanza, ujaze jerikeni za lita 20. Kiangazi kikibana, kwenye vituo vya petroli huuzwa maji ya betri. Soma chupa mara mbili: maji, si asidi.

Na Dionaea, ule wenye mdomo unaofumba, usiuweke ndani ya kioo kilichofungwa hata ukiupata. Kwao ni Carolina ya Kaskazini na ya Kusini, Marekani, na huhitaji jua kali na majira ya kupumzika kwa baridi. Anza na Drosera capensis ya Afrika Kusini. Wangu wa kwanza alikauka kwenye ule mfuko wa miche ya nyanya. Wa pili yuko kwenye pitimosi na pamisi, dirishani, na asubuhi hii ameshika mbu wawili.