Samaki wa kupaka nyuma ya soko la Lamu: jiko safi, ngazi ya hatari

Ukija Lamu na ukatamani samaki wa kupaka wa nazi ya kukuna, si ya paketi, ingia kichochoro kilicho nyuma ya soko la karibu na Ngome, ufuate moshi wa makaa. Hoteli yenyewe haina kibao. Ina vyumba viwili chini, ghorofa moja juu, na jiko liko uani. Mimi ni mpishi wa harusi na hitima, mkaazi wa Langoni, na hoteli ya mtu naipima kuanzia jikoni.

Chakula ni kizuri, tena sana. Nilikula samaki aina ya changu, mzima, amebanikwa kwanza, akapakwa tui zito lenye ndimu, thumu na pilipili, kisha akarudishwa juu ya makaa hadi tui likashika. Wali wa nazi umechambuka punje kwa punje. Achari ya embe ilikuwa na chumvi nyingi, basi.

Nikaomba kuona samaki wanakowekwa. Kijana wa jikoni hakusita, akanifungulia kasha: barafu chini, barafu juu, na maji yanayoyeyuka yakitokea tunduni, samaki wasielee ndani yake. Mlikuwa na changu na nguru. Hapo ndipo nilipowapenda watu hawa. Nguru, jodari na vibua wakikaa kwenye joto, bakteria hutengeneza kemikali iitwayo histamini ndani ya nyama, na hiyo ikishaingia haiondolewi na moto, wala ndimu, wala pilipili. Mtu hula samaki mtamu, baada ya muda mfupi uso unamwiva, ngozi inamwasha na kichwa kinamgonga, akadhani ana mzio wa samaki. Dawa ni barafu, tangu mashuani. Mpishi akimpokea samaki aliyelala juani hana la kuokoa.

Ukutani, karibu na mlango, wamebandika leseni ya biashara, leseni ya usafi wa chakula, na vyeti vya afya vya wapishi. Msivipite kama mapambo. Katiba ya 2010 iliwapa serikali za kaunti kazi ya kutoa leseni kwa wauza chakula na kuwasimamia, pamoja na uzoaji taka, kelele na zimamoto. Bwana afya akifika anatumia Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242: anaweza kuingia, kukagua, na kutoa notisi ya kurekebisha, asiposikizwa, mwenye hoteli huenda kujibu kortini. Mpishi naye hupimwa kila miezi sita. Wenzangu wengi hulalamika kwamba kipimo cha choo ni usumbufu, lakini mtu aweza kubeba vijidudu vya homa ya matumbo miezi na miaka naye ni mzima kabisa, anacheka na kukanda unga. Kwa hiyo soma tarehe ya cheti. Hapa zote zilikuwa hazijapita.

Pa kunawa wameweka pipa lenye bomba la kubonyeza, na sabuni ipo. Maji yanatiririka, hakuna beseni moja la kila mtu. Kisiwani kwetu maji ni kitu cha kuhesabu: mji unategemea visima vya kwenye matuta ya mchanga ya Shela, na yakivutwa kupita kiasi chumvi ya bahari inapanda. Bomba la kubonyeza linaokoa maji na bado linasafisha mkono. Mafuta yaliyotumika wanayatia kwenye dumu, hawayamwagi mferejini. Mifereji yetu iko wazi na huishia baharini, kulekule anakovuliwa changu.

Sasa ngazi. Ghorofani kuna meza za wageni na upepo mzuri. Njia ya kupanda na kushuka ni moja, nyembamba, inaanzia mlangoni mwa jiko, na chini yake umewekwa mtungi wa gesi. Dari ni boriti za mikoko, paa la makuti. Moto ukizuka pale, walio juu watokee wapi? Gari la zimamoto halipiti vichochoro vyetu. Punda wawili wenye mizigo wakikutana, mmoja hurudi nyuma. Najua nyumba za kale hazibomolewi ovyo, na mji huu umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001. Lakini kuhamisha mtungi hakugusi hata jiwe moja la tumbawe, na ndoo ya mchanga haihitaji kibali cha mtu.

Nilimwambia mwenye hoteli. Akasema, "Mama, huko juu ni wageni tu, msimu ukiisha nafunga."

Nikamjibu, "Mwanangu, mgeni naye ana mamake."

Hakukasirika. Aliniuliza mtungi uwekwe wapi, nikamwonyesha pembe ya ua, pasipo na paa, mbali na makaa. Ningependa mkaguzi anayekuja kuangalia sufuria apande na ile ngazi pia, na mlaji anayeuliza kama samaki ni wa leo aulize na njia ya pili ya kutokea.

Samaki mzima na wali ni shilingi 700, juisi ya ukwaju 100. Ijumaa hufungua baada ya swala. Ukitaka kubeba nyumbani, njoo na kikapu chako. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu Agosti 2017, nao wanafunga kwa karatasi tu. Na mpaka mtungi uhamishwe, keti chini, upande wa mlango wa mtaani.