Uzoefu wangu na rsync: kupeleka matoleo ya programu kwenye seva nikiwa Lamu

Mwaka wa tatu sasa natumia rsync, chombo cha kunakili faili kati ya kompyuta mbili, kupeleka matoleo ya programu yangu kwenye seva, na miezi kumi ya karibuni nimeiunganisha na GitHub Actions, huduma ya GitHub ya kuendesha kazi kwenye kompyuta zao, ili kazi ijiendeshe yenyewe. Nakaa Langoni. Maelezo mengi niliyoyasoma nilipoanza yaliandikwa kana kwamba laini haikatiki na stima haipotei, ndiyo maana nimeona niandike yangu.

Programu yenyewe ni ya mizani ya samaki. Mpimaji anaandika nani kaleta nini, changu kilo ngapi, pweza kilo ngapi, bei ya siku hiyo, na mvuvi anadai shilingi ngapi. Wapimaji wa Kizingitini, Faza na Matondoni wanaitumia kwenye simu, na karani mmoja hapa mjini yuko na ile ya Windows. Kila toleo lina faili ya simu, faili ya kompyuta, na faili ndogo ya alama za SHA-256 za kuhakiki hizo mbili. Zote pamoja ni kama MB 95.

Zamani nilikuwa nikipakia kwa FTP, njia ya zamani ya kupeleka faili kwenye seva, kwa mkono. Siku moja baada ya Alasiri stima ilikatika faili ya simu ikiwa imefika asilimia 71. Ruta ikazima, upakiaji ukafa pale pale. Lakini jina la faili lilikuwa tayari limekaa kwenye seva, na kiungo cha kupakua kilikuwa kinaelekea pale pale kwenye jina hilo. Mzee mmoja mpimaji wa Kizingitini akaipakua, simu ikamwambia programu haijasakinishwa, akaipakua tena, na tena. Akanipigia.

"Mwanangu, bando limekwisha na kitu hakiingii. Na watu wako hapa na samaki wao, kwenye jua hili."

"Nisamehe mzee wangu, faili imefika nusu."

"Nusu? Sasa mbona umeiweka?"

Sikuwa na jibu. Jioni ile walirudi kwenye daftari, mimi nikamrudishia bando lake, na swali lake likanikaa kifuani. Kumbe nilichohitaji si njia ya haraka ya kupakia. Nilihitaji faili isionekane na mtu yeyote mpaka iwe imefika yote.

Hapo ndipo rsync iliponikuta. Ni chombo cha tangu 1996, kazi ya Andrew Tridgell na Paul Mackerras, na kwa kawaida hupita ndani ya SSH, njia ya kuunganika na seva iliyofungwa kwa siri, kwa hiyo nenosiri halipiti wazi njiani kama kwenye FTP ya kawaida. Jambo lililonivuta ni hili: faili inapoingia, rsync huiandika kwanza kwa jina la muda lililofichwa, kisha ikikamilika ndipo hulibadilisha likawa jina lake halisi. Laini ikikatika katikati, anayepakua anaendelea kupata toleo la zamani likiwa zima. Ukiongeza `--partial-dir=.vipande`, kipande kilichofika huhifadhiwa pembeni, na ukirudia amri inaendelea kutoka pale. Nimekatikiwa mara nne usiku mmoja wa kusi na bado toleo lilifika.

Kuna sifa moja ya rsync ambayo watu huisifu kupita kiasi: kwamba hupeleka sehemu zilizobadilika tu. Ni kweli, ila faili ya simu ni kifurushi kilichobanwa, na kitu kilichobanwa ukibadilisha kidogo ndani, nje hubadilika sana. Kwangu akiba hiyo haikufika mbali. Kilichoniokolea bando ni kuhama kabisa.

Yaani siku hizi sipakii MB 95 kutoka Lamu. Nasukuma msimbo tu, KB chache, na lebo (tag) ya toleo. GitHub Actions ikiiona lebo, kompyuta yao inajenga programu, inatia saini, inakokotoa alama za SHA-256, halafu inaita rsync kutoka huko huko hadi kwenye seva. Akaunti ya bure hupewa dakika 2,000 kwa mwezi kwa hifadhi binafsi (mahali msimbo unapowekwa bila kuonekana na watu wote), na mimi sijawahi kuzikaribia.

Kuweka mipangilio kulinichukua siku mbili, na karibu yote ilikuwa ni habari ya ufunguo. Nilitengeneza jozi mpya ya funguo za SSH za aina ya ed25519, mmoja wa siri na mmoja wa wazi, kwa kazi hii peke yake. Tafadhali usitumie ufunguo wako mwenyewe. Nikabandika ule wa siri kwenye sehemu ya siri za hifadhi, nikaendesha, ikakataa. Nikabandika tena, ikakataa. Saa tatu nzima nilikuwa naangalia herufi moja moja, kumbe wakati wa kunakili nilikuwa naacha mstari wa mwisho bila kuufunga. Faili ya ufunguo lazima iishie na mstari mpya. Ilipokubali hilo, ikagoma kwa sababu haiitambui seva. Wengi hapo huzima ukaguzi huo. Usiuzime. Chukua ufunguo wa wazi wa seva yako, uhakikishe ukiwa ndani ya seva yenyewe, kisha uweke kwenye `known_hosts`, faili ya seva zinazotambulika, ya kazi hiyo. Ukaguzi huo ndio unaokuhakikishia kwamba faili zako zinakwenda kwako.

Upande wa seva nimeufunga ufunguo huo kwa mstari mmoja ndani ya `authorized_keys`, faili ya funguo zinazoruhusiwa kuingia:

`restrict,command="rrsync -wo /srv/matoleo"`

Hati (script) ya rrsync, inayoibana rsync ndani ya folda moja, huja pamoja na rsync. Kwa mstari huo, hata ufunguo ukiibiwa, mwizi anaweza kuweka faili kwenye folda ile tu. Hawezi kusoma kitu wala kuingia kwenye seva. Bado anaweza kuharibu kilichomo, ndiyo maana nakala za matoleo ya zamani ziko mahali pengine.

Kila toleo linaingia kwenye folda yake, mfano `2.4.1`, na faili ya alama hupelekwa mwisho, kwa amri yake. Kila dakika tano hati ndogo kwenye seva hutazama kama kuna folda mpya, huendesha `sha256sum -c` kulinganisha faili na alama zake, na zikilingana tu ndipo kiungo cha "karibuni" huelekezwa kwake. Kiungo kipya hutengenezwa pembeni, kisha huhamishiwa mahali pake kwa `mv -T`. Njia ya `ln -sfn` niliiacha kwa sababu kwenye mifumo ya zamani ilikuwa ikifuta cha zamani kwanza, na hapo kati palikuwa na upenyo ambao mtu angeweza kukuta hakuna kitu.

Tahadhari mbili. Mkwaju wa mwisho kwenye jina la folda una maana: `matoleo/` ni vilivyomo, `matoleo` ni folda yenyewe, na ukikosea utakuta folda ndani ya folda. La pili ni `--delete`, ambayo hufuta upande wa pili kila kisichokuwepo upande wako. Kwa matoleo sioni haja yake hata kidogo. Kama lazima uitumie, tanguliza `-n` uone kwanza itafuta nini.

Lipo ninalolilalamikia: ujumbe wa makosa wa rsync ni mgumu kwa anayeanza. Namba 23, namba 12, na wewe huna habari kama shida ni ruhusa ya folda au laini.

Toleo la juzi nilisukuma lebo nikiwa nangoja boti ya Mokowe pale Mkunguni, kwa data ya simu. Tulipokuwa tunakaribia gati ya upande wa pili, mzee wa Kizingitini akanitumia sauti: ameipata, imeingia mara ya kwanza, ila anauliza mbona kamba wa kochi bado hayumo kwenye orodha ya bei. Nimemwahidi atakuwemo kwenye 2.4.2.