Kadi ya mtandao kwa daraja la mashine pepe kwenye Linux: ipi ununue, ipi uiache

Usinunue kadi ya waifai. Naanza na hilo kwa sababu hapo ndipo watu wengi huishia kutoa pesa bure. Mtu ana kompyuta inayotumia waifai, ameweka KVM (sehemu ya Linux ya kuendesha mashine pepe, yaani kompyuta ndani ya kompyuta), ameunda daraja la br0 (swichi ya programu inayounganisha mashine pepe na kadi), na anataka kila mashine pepe ipate anwani kutoka kwenye ruta kama kompyuta nyingine yoyote. Inagoma. Anadhani kadi yake ni dhaifu, ananunua yenye antena tatu, na inagoma vilevile.

Nguvu ya kadi haihusiki. Kompyuta inapojiunga na waifai kwa njia ya kawaida, kituo cha waifai huitambua kwa anwani moja tu ya MAC (namba ya utambulisho ya kadi ya mtandao), na fremu, yaani vifurushi vya data, zinazopita kati yao hubeba anwani tatu. Mashine pepe ina MAC yake (za KVM kwa kawaida huanza na 52:54:00), na katika zile nafasi tatu hakuna pa kuiweka. Ikituma fremu kwa jina lake, kituo hakiijui. Kerneli ya Linux, kiini cha mfumo, inalifahamu hili, ndiyo maana ukijaribu kuingiza wlan0 kwenye daraja inakukatalia. Ipo hali ya anwani nne, huitwa 4addr na huwashwa kwa amri ya iw, lakini kituo cha upande wa pili lazima nacho kiikubali, na ruta nyingi za nyumbani hazifanyi hivyo. Kama waya haufiki kabisa ulipo, achana na daraja na utumie NAT, ambapo mashine pepe hutoka nje kwa anwani ya kompyuta mwenyeji. Hiyo huhitaji kuinunua.

Pima kabla ya kununua

Hata kwa waya, kadi husingiziwa mara nyingi. Mimi mwenyewe niliwahi kubadilisha kadi nzima kazini, nikapoteza siku mbili, kumbe swichi ilikuwa imewekewa kikomo cha MAC moja kwa kila tundu. Kompyuta mwenyeji ilipita, mashine pepe zote zikafungiwa nje. Seva nyingi za kukodi nazo huwekewa kikomo cha aina hiyo, na hakuna kadi itakayokuvusha hapo.

Kwa hiyo fanya hivi kwanza. Ndani ya mashine pepe, ping anwani ya ruta. Kwenye kompyuta mwenyeji endesha tcpdump -eni vnet0 arp, kisha rudia kwa eno1, au jina lolote la kadi yako. Amri hii huonyesha maombi ya ARP, yanayouliza anwani fulani ya IP ni ya MAC ipi, na vnet0 ni tundu la mashine pepe kwenye daraja. Ombi likionekana vnet0 lakini lisifike eno1, pakiti inafia ndani ya kompyuta yako na kadi haina kosa. Likionekana limetoka eno1 na jibu halirudi, shuku swichi. Jibu likirudi hadi eno1 kisha lisiingie kwenye mashine pepe, rudi ndani uangalie daraja na faiwoli.

Katika yale ya ndani, Docker, programu ya kuendesha kontena, ndiyo ya kwanza kuangalia. Ikianza kazi huweka sera ya FORWARD ya faiwoli (ya pakiti zinazopitishwa) kuwa DROP, yaani zitupwe, na moduli ya br_netfilter ikiwa imepakiwa, pakiti za daraja nazo hupitishwa kwenye sheria hizo. Mashine pepe zilizokuwa salama jana leo zimekatika, na hukugusa chochote kwenye daraja. Kuweka net.bridge.bridge-nf-call-iptables kuwa 0 hurudisha hali. Kosa jingine la kila siku ni kuiacha anwani ya IP kwenye eno1 badala ya kuihamishia br0. Na kama mashine pepe haipati anwani ya DHCP ikiwashwa lakini ukijaribu tena baada ya nusu dakika inapata, angalia STP, itifaki ya kuzuia pakiti kuzunguka bila mwisho: sekunde 15 za kusikiliza na 15 za kujifunza hupita kabla tundu la daraja halijaruhusu pakiti.

Ukiona dmesg (kumbukumbu za kerneli) inaandika kwamba kadi imekwama au kiungo kinakatika na kurudi, hapo kadi ni mtuhumiwa halali. Lakini hata hapo, kwa zile kadi za Intel za ubao mama zinazotumia draiva ya e1000e na kuandika "Detected Hardware Unit Hang", jaribu kwanza ethtool -K eno1 tso off gso off. Wengi hupona kwa mstari huo mmoja.

Namba moja: kadi ya PCIe yenye matundu mawili

Intel i350 ndiyo ningempa ndugu yangu bila kusita. Draiva yake, igb, imo ndani ya kerneli kwa miaka mingi, hivyo hakuna cha kupakua wala kukusanya upya kila kerneli inapobadilika. Lakini sababu kubwa ni yale matundu mawili. Tundu moja libaki la kompyuta mwenyeji, lenye IP yake na SSH yako. La pili liingie kwenye daraja, lisiwe na IP yoyote. Siku utakapoharibu mipangilio ya daraja, na utaiharibu, bado unaingia kwenye kompyuta na kurekebisha. Aliyewahi kujifungia nje ya seva iliyo jengo jingine anajua thamani ya waya huo wa pili.

i350 pia inaweza SR-IOV: kila tundu hugawika na sehemu zake kukabidhiwa mashine pepe moja kwa moja, bila kupitia daraja. Ubao mama lazima uwe na IOMMU (sehemu inayowezesha kifaa kukabidhiwa mashine pepe kwa usalama), nayo iwe imewashwa kwenye BIOS. Angalizo moja: kadi bandia za i350 zipo nyingi sokoni. Iliyotolewa kwenye seva ya zamani, kutoka kwa muuzaji anayekubali kurudishiwa, naiamini kuliko mpya ya bei ya kushangaza.

Namba mbili: i210

Ina tundu moja na draiva ileile ya igb. Kama ubao mama wako tayari una tundu la waya linalofanya kazi, ongeza hii na utakuwa umefika palepale pa matundu mawili.

Namba tatu: gigabiti 2.5

Hapa kuna Realtek RTL8125 na Intel i226. Zote ni nzuri ukiwa na kerneli ya karibuni: RTL8125 iliingia kwenye draiva ya r8169 katika kerneli 5.4, na draiva ya igc ya Intel ilianzia 4.20, ingawa i226 iliongezwa humo baadaye. Kwenye mfumo wa zamani kadi haitapata draiva. Matoleo ya kwanza ya i225 yalikuwa na hitilafu ya chipu yenyewe, hivyo chukua i226.

Jiulize pia kama unaihitaji kasi hiyo. Mashine pepe mbili zilizo kwenye daraja moja zikizungumza, data haigusi kadi. Huhamia ndani ya kumbukumbu ya kompyuta. Kadi ya kasi husaidia tu pale data inapotoka nje, na swichi nayo lazima iwe ya 2.5.

Namba nne: gigabiti 10 za SFP+

Intel X520 zilizotumika zinapatikana kwa urahisi na draiva ya ixgbe ni imara. Ila hupata joto sana kwenye kasha lisilo na upepo wa seva, na hukataa moduli za SFP+ (vipande vya kuchomekea waya au nyuzi za mwanga) zisizotambuliwa hadi uipe draiva allow_unsupported_sfp=1. Ichukue kama una hifadhi ya data kwenye mtandao inayoitumia.

Namba tano: adapta ya USB

Kwa laptopu mara nyingi hakuna njia nyingine ya waya, na inashinda waifai yoyote kwa kazi hii. Tafuta yenye chipu ya RTL8153 au AX88179, na uichomeke kwenye USB 3. Udhaifu wake ni kwamba ikichomoka kidogo, au ikilazwa ili kuokoa umeme, hutoka kwenye daraja na si lazima irudi yenyewe. Zima usingizi huo wa USB kabla hujaanza kuitegemea.

Kadi ikifika

Kabla ya kulaumu kadi mpya, andika ip -br link. Kuongeza kadi ya PCIe kunaweza kuhamisha majina, iliyokuwa enp3s0 ikawa enp4s0, na daraja likabaki linangoja jina ambalo halipo tena. Vilevile, daraja lisilopewa MAC kwa mkono huweza kuchukua MAC ndogo kuliko zote za kadi zilizomo. Ndiyo maana libvirt, programu inayosimamia mashine za KVM, huzipa vnet zake MAC zinazoanza na fe, zisije zikawa za chini kabisa. Kadi mpya ikileta MAC ndogo zaidi, ruta itaiona br0 kama kompyuta ngeni na kuipa IP nyingine, kwa hiyo andika MAC ya br0 kwenye mipangilio siku hiyohiyo unapofunga kasha.