Kitabu cha michuzi ya Kihindi: fuata picha, saa iache

Nilikipata kwa wauza vitabu vya mitumba wanaopanga kando ya Mtaa wa Samora, Dar es Salaam, kwa Sh 35,000 baada ya kuvutana sana. Ni cha Kiingereza, jalada gumu. Ndani mna michuzi ya Kashmir, Punjab, Goa na Kerala, pamoja na kurasa chache za Thailand ambazo nimeziruka.

Ninachokipendea ni picha. Sisemi zile za sahani iliyorembwa kotmiri, hizo kila kitabu kinazo. Nasema za ndani ya sufuria. Kwenye rogan josh, mchuzi wa nyama wa Kashmir, utakiona kitunguu kile kile kikiwa cheupe, kikilainika, kikigeuka dhahabu, mpaka kinafika hudhurungi inayotakiwa. Zinafuata za tangawizi na thomu, halafu za viungo vya unga, kisha ile ninayoipenda kuliko zote: rojo limekaza katikati, mafuta yamejitenga pembeni yanameremeta. Hapo ndipo unatia nyama. Mama mkwe wangu, mtu wa Tanga, Kiingereza hasomi. Aliitazama picha ile akasema, "Huyu anajua kupika."

Wekundu wa mchuzi huo unatokana na pilipili za Kashmir, nyekundu sana ila si kali. Ulizia maduka ya viungo ya Kisutu. Ukitia pilipili yetu ya kawaida kwa kipimo hicho hicho, watoto watalala na mkate.

Kwenye korma, mchuzi mzito wa mtindi, mtindi wenyewe unatiwa kijiko kimoja kimoja, moto mdogo, huku unakoroga. Pembeni wameweka picha ya mtindi uliokatika, ili uujue ukiuona. Nimewavulia kofia, maana nani hupenda kuonyesha chakula kilichoharibika?

Sasa lawama. Muda wa kitabu hiki ni wa kubuni. Eti kitunguu dakika 5 mpaka kiwe hudhurungi! Kwa jiko gani? Kwenye gesi yangu vitunguu vitatu havipungui dakika 20.

Kwenye nazi ndiyo nimechukia hasa. Samaki wa Kerala anamwagiwa kopo zima la tui kwa mkupuo mmoja, wakati wapishi wa Kerala wenyewe hukamua mara mbili kama sisi wa pwani. Mimi nimekuna nazi yangu, tui jepesi likaivisha samaki pamoja na manjano, tangawizi na pilipili mbichi, na lile zito nikalitia mwisho, nakoroga bila kuacha mkono, lilipoanza kutokota tu nikaepua. Viungo ni vya kitabu, na ni vizuri. Tui fanya la kwetu.

Vindaloo, mchuzi wa siki wa Goa, ambako Wareno walitawala mpaka 1961, inataka nyama ilale kwenye siki, thomu na viungo usiku kucha. Asili yake ni nguruwe. Kwetu haliwi, nikatumia ng'ombe wa mfupa, ikakubali. Kesho yake ilikuwa tamu zaidi.

Karatasi zinang'aa, mafuta yakiruka unafuta. Tatizo kitabu kinajifunga chenyewe, inabidi ukikandamize na kinu. Anayejua kupika rosti atakiweza. Asiyejua kabisa, apate kwanza mtu wa kumsimamia jikoni.